Nilisema "nimemlinda bibi", wakaniuliza kama alitoroka

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Kibosho, miaka 29, naishi Valencia, Hispania, huu mwaka wa pili. Vibali vyangu viko sawa, ila kazi inayopatikana haraka ni ya kuangalia wazee majumbani, na ndiyo ninayoitafuta. Kihispania changu ni cha kuungaunga: kidogo nimekipata darasani, kingi kwenye basi na sokoni. Nikiongea naeleweka. Lakini kuna neno moja limeniandama miezi hii mpaka nimeanza kuliogopa: custodiar.

Lilianza mwezi wa sita, sikukuu ya Ekaristi. Nilikuwa nimesimama kandokando ya barabara na waumini wengine tukisubiri maandamano yapite. Bibi mmoja akanishika mkono, macho yamemtoka kwa furaha, akasema: "¡Ya viene la custodia!" Nikajua custodia ni mambo ya polisi, kwa hiyo nikarudi nyuma hatua mbili nikaanza kutafuta gari la polisi. Kumbe inakuja monstransi, kile chombo cha kubebea Ekaristi Takatifu. Watu wote wameshainamisha vichwa, mimi nimenyoosha shingo kama twiga.

Hilo nilicheka peke yangu, likaisha. La pili halijaisha. Kuna ofisi moja ya kufuatilia nyaraka, huku wanaziita gestoría, niliwaachia cheti changu cha kuzaliwa, chenyewe halisi, pamoja na tafsiri yake yenye muhuri. Juzi wakaniandikia: "Los originales quedarán custodiados en nuestra oficina hasta que finalice el trámite." Nikaiweka kwenye programu ya tafsiri, ikanijibu kwamba nyaraka zangu "zitabaki chini ya ulinzi". Mwalimu, chini ya ulinzi! Kwetu ukisikia mtu yuko chini ya ulinzi ujue ameshavuliwa mkanda na viatu. Usiku ule sikulala. Nimefanya kosa gani?

Sasa sikia la tatu, ndilo lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja kuhojiwa. Kuna mama mzee wa miaka 88, wanawe wawili, kaka na dada, wanatafuta mtu wa kukaa naye. Nilitaka kuwaambia kwamba kazi hii naijua, kwa sababu nilimtunza bibi yangu mzaa mama miaka mitatu mpaka Mungu alipomchukua. Usiku wake nikaandika "tunza" kwenye simu, yakaja maneno manne matano. Cuidar nilikuwa nalijua, nikaliona la kuvalia kandambili. Custodiar likaonekana limevaa suti. Nikachagua la suti. Asubuhi nimekaa wima kwenye kochi lao nikasema kwa kujiamini: "He custodiado a mi abuela tres años."

Kimya. Dada akamtazama kaka. Kaka akajikaza, akashindwa, akauliza: "¿Y se escapó?" Yaani, na je, alitoroka? Walicheka mpaka mama mzee naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Na mimi nikacheka, lakini koo lilikuwa limekauka.

Wameniita tena Jumatatu. Naomba unisaidie kabla ya hapo. Neno hili lina maana ngapi? Nilitumie lini, nilikimbie lini? Na mbona kila nikilitamka, hata pale lilipo mahali pake, watu wananirudishia wakilitamka wao upya, kama wanamsahihisha mtoto?

Wako,
Msichana wa Kibosho

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa koo kukauka. Ila waliokucheka wamekuita tena, kwa hiyo hilo la kicheko tuliweke kwenye faida.

Hebu geuza upande. Mhispania amejifunza Kiswahili kwa kamusi, amefika Kibosho, anataka kazi ya kumwangalia mzee wa shangazi yako. Anakaa wima, anasema: "Nimemhifadhi bibi yangu kwa miaka mitatu." Kamusi haikumdanganya, kuhifadhi ni kutunza. Lakini shangazi yako atamwuliza: mochwari gani? Hicho ndicho ulichowafanyia wale ndugu wawili. Na kilichochekesha zaidi ni kwamba sentensi yako ilikuwa imenyooka. Hata kile ki-a kidogo kabla ya "mi abuela", ambacho wageni wengi hukisahau wanapomtaja mtu, ulikiweka. Ilikuwa sentensi safi ya askari magereza.

Kamusi ya Akademia ya Kihispania inalieleza custodiar kwa maneno machache: guardar algo con cuidado y vigilancia, kuweka kitu kwa uangalifu na kwa kukilinda. Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, custos, mlinzi. Lakini wewe una neno la Kiswahili linalokufikisha karibu zaidi kuliko kamusi hiyo: amana. Anayefanya custodiar ameshika amana. Kitu si chake, kina uzito, na ipo siku mwenyewe, au sheria, atakuja kumwuliza kiko wapi. Mwanasheria anayetunza wosia wa mteja ameshika amana. Benki iliyoshika hisa za watu, ndiyo hiyo. Makumbusho ya Prado pale Madrid yana picha za mchoraji Velázquez, na magazeti huandika kwamba Prado las custodia. Kule Sevilla kuna Archivo General de Indias, hazina ya nyaraka iliyoanzishwa mwaka 1785 chini ya mfalme Carlos III, ambako zimekaa karatasi za utawala wa Hispania kule Amerika. Ukisoma habari zake hukai aya mbili bila kukutana na custodia, custodiados, custodiar. Hata polisi wanapokusanya vielelezo vya kesi, kisu kinapita mkono hadi mkono na kila mkono unatia saini. Huo mfuatano wanauita cadena de custodia.

Sasa bibi yako. Bibi hakuwa amana ya mtu mwingine mikononi mwako. Alikuwa bibi yako. Ulimwogesha, ukamlisha uji, ukamgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo. Kwa Kihispania, hayo yote ni cuidar. Neno unalolidharau kwamba ni la kandambili ndilo linaloiita kazi unayoomba: cuidadora. Humo ndani mna kutunza, kuuguza, kulea, hata kujali. Heshima uliyokuwa unaitafuta imo humo. Binadamu anayefanyiwa custodiar ni mfungwa, au shahidi anayefichwa asiuawe, au mkubwa fulani aliyezungukwa na walinzi. Kwa mtoto na mgonjwa, kimbia kabisa. Ukisikia mtu anasema "custodian a los niños", jua watoto wale hawaruhusiwi kutoka.

Yapo maneno mengine mawili ya ukoo huu, na bahati nzuri moja linakaa juu ya Kiswahili kama kifuniko juu ya sufuria yake. Guardar ni kuweka. Sisi tunaweka siri, wao guardan un secreto. Sisi tunaweka kinyongo, wao guardan rencor. Niwekee nafasi kwenye foleni: guárdame el sitio. Kuweka nguo kabatini, kuweka akiba ya chakula cha jioni, kuweka faili kwenye kompyuta, yote hayo ni guardar, na simu yako ikiwa kwa Kihispania, utaliona limeandikwa kwenye kitufe cha kuhifadhi. Penye utelezi ni guardar cama, ambayo haina maana ya kuweka kitanda. Ni kulala kitandani kwa ugonjwa kwa agizo la daktari. Vigilar nalo ni kutupia jicho. Uko stesheni, unataka kwenda msalani, unamwomba jirani: "¿Me vigilas la maleta un momento?" Yaani, nitupie jicho begi langu kidogo. Ukimwambia custodia mi maleta, atafikiri kuna dhahabu ndani, au kitu kibaya zaidi, na atakwenda kumwita askari.

Naomba nikutolee yangu moja, usijione umeanguka peke yako. Mimi Kihispania nilikipata Cuba, nilipokwenda kusoma miaka ya 1980. Getini pa bweni letu alikaa mzee mmoja na kiti chake cha chuma, redio ndogo na chupa ya kahawa, kila usiku shati lilelile lililopigwa pasi. Cheo chake kilikuwa el custodio. Umepoteza ufunguo, kwa custodio. Umechelewa kurudi, mbembeleze custodio. Cuba custodio ni mlinzi tu, wa geti, wa ghala, wa duka. Miaka mingi baadaye nikafika Madrid kwa kazi ya ukalimani, usiku umeingia, mlango wa jengo umefungwa, nikamsimamisha dada mmoja aliyekuwa anatoka nikamwuliza kwa adabu zote custodio yuko wapi. Akanitazama, akatazama juu mbinguni, akasema: "¿El ángel?" Huko kwenu Hispania mlinzi wa benki au wa supamaketi ni vigilante, wa jengo la makazi ni portero au conserje, na custodio wamembakishia malaika mlinzi, el ángel custodio, ingawa hata huyo watu wengi humwita ángel de la guarda. Mexico nako custodio ni askari magereza. Kwa hiyo ukiona tamthilia ya Kimexico na mtu anatetemeka kwa kusikia "viene el custodio", usidhani anaogopa malaika.

Tuje kwenye cheti chako, maana hapo ndipo usingizi ulipokwenda. Programu ilikosea kidogo tu, lakini ilikosea pabaya. Custodiado ikisemwa juu ya mtu, ndiyo, mara nyingi ni chini ya ulinzi. Bajo custodia policial ni mikononi mwa polisi, mkanda na viatu kama ulivyosema. Ikisemwa juu ya karatasi, ni amana. Barua ile inasema: nyaraka zako halisi zitakaa ofisini kwetu, sisi ndio tunaozishika, mpaka shughuli iishe. Hujafanya kosa lolote. Tena kwa kuandika custodiados badala ya guardados, wamejifunga wenyewe. Guardados ingekuwa "tumeziweka humu kwenye droo". Custodiados ni "tuulize sisi". Zikipotea, hilo neno litakuwa upande wako.

Ila amana bila ushahidi ni maneno. Je, walikupa karatasi ulipowaachia? Wahispania wana neno zuri kwa karatasi hiyo, nalo limezaliwa na guardar: resguardo. Ni stakabadhi inayoonyesha kwamba kitu chako kimepokewa, na fundi wa viatu anakupa, posta wanakupa, ofisi ya serikali inakupa. Kama hukupewa, waandikie leo, na hapa sasa lile neno la suti livae suti yake:

"Entiendo que los originales quedan custodiados en su oficina. ¿Me podrían enviar un resguardo y decirme cuándo puedo recogerlos?"

Yaani, nimeelewa nyaraka halisi mnazishika ninyi. Nitumieni stakabadhi, na mniambie lini nizifuate. Umewarudishia neno lao wenyewe, kwa adabu. Siku nyingine ukienda ofisi kama hiyo, uliza kwanza kama inatosha copia compulsada, nakala iliyolinganishwa na ile halisi na kugongwa muhuri, urudi nyumbani na cheti chako. Na kama humo ulimoacha cheti kuna pasipoti pia, hiyo kaichukue. Waoneshe, watoe kopi, uirudishe mkobani. Naona mabinti wengi wanaacha pasipoti kwa sababu barua imeandikwa Kihispania cha kanisani na wao wanaona haya kuuliza.

Nikitaja kanisani, lile la Ekaristi lisikusumbue. La custodia ni monstransi kwa sababu ileile: ndimo inamowekwa Hostia Takatifu ili watu waiabudu, amana ya kuzidi amana zote kwa mwenye imani. Ile ya Valencia uliyopishana nayo wenyeji huiita Custodia de los Pobres, ya maskini, kwa kuwa ilitengenezwa kwa michango ya waumini. Ukipata nauli, nenda Toledo uone ya kule, kazi ya fundi Enrique de Arfe ya karne ya 16, ndefu kumpita mtu mzima, nayo hutolewa barabarani kwenye sikukuu hiyohiyo ya Ekaristi. Halafu kuna custodia ya mahakamani, ambayo nakuhakikishia utaisikia jikoni kwa watu kuliko hizi zote: mume na mke wameachana, nani anakaa na watoto. Kwenye hati za wanasheria haitembei peke yake, ni guarda y custodia, na tangu sheria ya mwaka 2005 ilipoingiza custodia compartida kwenye kanuni ya madai, wazazi wengi hulea kwa zamu, wiki kwa baba, wiki kwa mama. Jirani akikuambia huku analia kwamba le quitaron la custodia, hajaibiwa mlinzi. Amenyang'anywa watoto.

Unauliza mbona wanakurudishia matamshi. Kosa hilo ni la Kiswahili, na sote tunalo. Sisi kila irabu ina silabi yake, na mkazo tunautupa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasema re-DI-o. Mdomo wako ukiona custodio unafanya hivyohivyo: kus-to-DI-o. Kwa Mhispania ile "dio" ni pumzi moja, haikatwi, na mkazo unarudi nyuma yake: cus-TO-dio, kama wao wanavyosema RA-dio. Jizoeze na redio kwanza. Ukiweza kuitamka bila kuipa ile "di" nguvu, umeweza custodia, custodian na ukoo mzima. Usichanganywe na confiar, kuamini, ambalo linasema confío na mkazo uko pale unapopenda wewe. Lile lina njia yake, na kialama juu ya i kinakuonya. Custodiar linafuata cambiar, kubadilisha, ambalo linasema CAM-bio.

Na kialama kikija mwishoni, mtu mwingine anaingia. Yo custodio, mimi nalinda, sasa hivi. Custodió, alilinda yeye, na imekwisha. Kwenye barua ya madai ya nyaraka, kialama hicho kidogo kinaamua nani anaulizwa.

Jumatatu, basi. Ukifika, usianze kwa kuomba radhi, wala usiwaeleze habari za kamusi. Kaa, wakikuuliza tena umefanya kazi hii wapi, sema: "Cuidé a mi abuela durante tres años, hasta que murió." Yaani, nilimtunza bibi yangu miaka mitatu, mpaka alipofariki. Cuidé, si he cuidado; bibi amekwishapumzika, na watu wa Hispania wakimaliza jambo zamani husema hivyo. Kisha waeleze jambo moja la kweli ulilomfanyia, uji au mgongo, kwa maneno yoyote uliyo nayo, hata yakiwa ya kandambili. Msogelee mama mzee mwenyewe umsalimie kabla ya wanawe hawajakuelekeza.

Na yule kaka akikukonyeza akauliza tena kama bibi alitoroka, usikauke koo. Mjibu neno moja: "Casi." Nusura.